Sahani Hairudi Tupu

Gari lilikuwa la mkate.
Shekue alilinunua mnadani, bovu,
akalilaza uani miezi minane,
akalitia kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji
na dirisha alilong'oa kwenye basi lililokufa.
Hadi leo jua likiwaka bati lake hunukia hamira.

"Nyumba hii," akasema, akilipiga ubavu kama ng'ombe wa mnada,
"mita nne na nusu kwa mbili. Haya, chagua."

Nikachagua.
Samadari imekwenda Kilifi kwa binti yetu,
imetoka mlangoni kwa ubishi, mguu mmoja mmoja.
Kinu nimempa Mama Kadzo. Mchi ameukataa, anao wake,
basi mchi umebaki yatima barazani.
Cherehani, makochi, friji inayokoroma,
pazia za Idi ile, na za Idi ile nyingine,
masufuria ya kupikia arusi
sisi ambao siku hizi twapika kikombe kimoja cha mchele:
vyote vimetoka mchana kweupe, na sikulia.
Barani nzima wakasema moyo wangu jiwe.

Kisha nikafungua kabati la vyombo.

Sahani sitini na moja.
Nikazigeuza, maana siri ya sahani iko matakoni:
nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, Bi Mwanate.
R iliyokwaruzwa kwa msumari, Rukiya wa mafuta ya taa.
Mistari miwili ya kijani, wale wa nyumba ya bomba.
Kumi na tisa hazikuwa zangu!
Zilikuja na mahamri, na vipopoo, na futari ya ndizi,
na bokoboko siku niliyojifungua,
na pilau ya matanga ya mama,
nami nikaziosha, nikazipanga, nikasema kesho,
nitapika kitu, nitairudisha kesho.
Kesho ya miaka ishirini na saba.

Sahani hairudi tupu. Hilo sikulitunga mimi.

Basi mwanamke anayehama,
aliyegawa hata kibao cha chapati,
akaenda kuazima kibao cha chapati.
Siku tatu nikikanda.
Shekue akanuna: "Tunapunguza au tunafungua hoteli?"
Nikamwambia nyamaza, niletee mafuta.

Nikapita mlango kwa mlango.
Bi Mwanate aliinua mkate, akaigeuza sahani, akaiona nukta,
akakaa palepale kizingitini.
"Nilimpiga Saumu kwa ajili ya hii," akasema.
"Nilidhani kaivunja."
Saumu sasa ana wajukuu.

Na magharibi, wallahi hili sikulipigia hesabu,
wakaanza kubisha hodi. Sahani zangu!
Mimi niliyekuwa karani wa posta, alama yangu mkato wa buluu,
na mikato ikaja, kutoka makabati ya watu niliowasahau,
juu yake sambusa, kaimati, visheti,
kila moja na kawa lake.
Kufika usiku nina sahani nyingi kuliko nilizoanza nazo.
Shekue kakaa kwenye ngazi ya gari, shavu limejaa,
habari za mita hazitaji tena.

Tukawapa watoto wa chuoni, chakula na vyombo vyake.

Imebaki moja.
Ya kauri, ua la zambarau, ukingo umemeguka kidogo,
chini hakuna nukta, hakuna herufi.
Nimeuliza hadi Maweni. Hakuna anayeidai.
Mtu alitulisha, nami simjui.

Alfajiri tukavuka daraja la Sabaki:
vikombe viwili, vijiko viwili, sahani tatu.
"Ya tatu ya nani?" akauliza Shekue tulipofika Gongoni.
"Ya mwenyewe."

Naizungushia shuka isigongwe na mashimo ya njia.
Popote tutakapolala nitapika kilichozidi kidogo,
nimpelekee jirani wa usiku ule, nimwambie igeuze,
itazame vizuri, si yako hii?

Akisema siyo,
ale tu. Sahani nitaiosha.