Karatasi Juu ya Meza ya Jikoni

Mgeni, ufunguo umeshauona, maana umeingia.
Mlango hugoma mvua ikinyesha:
uinue kidogo ndipo uusukume,
usiupige teke kama yule bwana wa Machi.

Nchi yetu haina uwanja wa ndege.
Haina bahari, na majirani zake nao hawana;
anayetaka maji ya chumvi avuke nchi mbili.
Wewe umeshashuka treni Sargans, ukapanda basi la kijani,
kwa hiyo ya kufika nayaacha.
Ya kukaa ndiyo haya.

Basi la kwenda Malbun hupita hapo chini,
karibu na kanisa lenye kuba kama kitunguu.
Dakika yake ikifika, linaondoka.
Halimngoji mtu.
Mara moja tu nililiona likingoja:
Gebhard alikuwa anateremka na mkongojo,
na dereva, kijana wa akina Sele, akazima injini kabisa,
akajifanya anatafuta miwani
nayo iko usoni.

Fedha ni faranga za Uswisi.
Yuro wataipokea,
ila chenji utarudishiwa kwa hesabu ya muuzaji.

Mkate nunua Jumamosi, mapema.
Jumapili usikate nyasi, usitoboe ukuta,
usitupe chupa kwenye pipa la vioo:
mlio wa chupa moja huvuka bonde zima,
na Jumatatu pale kwa mwokaji
wanajua hata ilikuwa ya mvinyo gani.

Salimia. Kila unayekutana naye njiani,
hata aliyeinamia viatu vyake.
"Hoi" inatosha.
Mshahara wake usiuulize, wala kura yake.
Muulize habari za ng'ombe,
kisha tafuta pa kukaa.

Kasri utaliona juu ya jabali, ukiwa Vaduz.
Lipige picha kwa chini. Usipande kubisha hodi,
mle ndani kuna watu wanaishi, wana nguo za kuanika kama sisi.

Muhuri kwenye pasipoti ni wa kununua,
mpakani hakuna anayekuuliza kitu.
Ukiupenda mpaka, nenda ukautazame kwenye daraja la mbao,
lile lenye paa, juu ya mto Rhine.
Katikati pana mstari.
Kila mgeni hukanyaga mguu huku, mguu kule, akapigwa picha;
nawe kanyaga, usione haya.
Mimi nilikuwa binti wa Sevelen, ng'ambo.
Gebhard alisimama upande wake, kofia mkononi,
akasema neno moja: "Vuka."
Miaka arobaini na sita sasa.
Ng'ambo naenda kwa daktari wa meno tu.

Kuna upepo wa kusini tunaouita Föhn.
Hushuka mlimani mkavu, wa moto,
ukala theluji ya wiki nzima kwa usiku mmoja.
Ukivuma usiwashe mshumaa wala moto wa nje.
Kichwa kitauma. Vidonge vimo kwenye droo ya pili,
chini ya vitambaa.
Siku hiyo nami sisemi sana;
usidhani umenikosea.

Maji ya bomba kunywa, na ya chemchemi barabarani pia.
Takataka ni katika mfuko wenye chapa, mwingine hauchukuliwi.

Kupotea huwezi.
Ukiteremka tu, mwisho utaukuta mto.
Ukipanda tu, utatokea Austria,
nako wana supu nzuri.

Karibu nisahau.
Chini ya ngazi pana viatu vya mlimani, namba arobaini na tatu,
kamba nimezibadilisha mwezi uliopita.
Vikikutosha, vichukue.
Vimekaa muda mrefu bila kutembezwa.
Virudishe na tope lake,
nitavisafisha mwenyewe.

Notburga, mlango wa chini