Kukopa

Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa kumi ikilia,
wenzao hukimbilia uwanjani, hawa sita hunijia
nyuma ya stoo ya posho, kwenye meza yenye mguu mmoja wa tofali.
Darasa la sita. Hesabu za darasa la pili.
Watoto wengine hupaita wodini:
"Leo mnachomwa sindano gani?"
Nyapendi hucheka nao, kisha huvikalia vidole vyake
nisije nikaviona vikihesabu.

Naandika kwa chaki: hamsini na mbili, toa ishirini na saba.
Vumbi la saruji limetua dirishani; mwamba wa Tororo
umesimama kule kama moja iliyonenepa.
"Mbili haitoi saba," nasema, kama nilivyofundishwa,
kama alivyofundishwa aliyenifundisha.
"Basi tunafanyaje? Tunakopa kwa jirani."

Ofwono anaweka kalamu chini.
Ana miaka kumi na minne, magoti hayaenei chini ya meza.
"Mwalimu, na tutalipa lini?"

Wenzake wanaguna. Yeye hatanii.
"Mama amesema tusikope tena.
Kwenye daftari la dukani tumejaza kurasa mbili,
na mwenye duka huzisoma kwa sauti, watu wakiwepo."

Miaka kumi na mmoja nafundisha kukopa.
Sikuwahi kuulizwa deni linakwenda wapi.

Nafuta ubao kwa kiganja.
Natoa vijiti kwenye mfuko wa sukari:
mafungu matano ya kumi-kumi, yamekazwa kwa mpira wa baiskeli,
na viwili vinavyozurura peke yao.
"Haya ya nani?"
"Yangu?"
"Yako. Fungua fungu moja."

Mpira unaruka, vijiti vinamwagika.
Hakuna jirani. Hakuna daftari.
Ni kumi lake mwenyewe, limefunguliwa tu.
Anatoa saba. Anasogeza mafungu mawili pembeni.
Midomo inatembea, vidole vi wazi juu ya meza,
na Nyapendi, taratibu, anavitoa vyake chini ya paja.

"Ishirini na tano," anasema Ofwono,
si kwa furaha, kwa tahadhari,
kama mtu aliyerudishiwa chenji
akaihesabu tena kabla ya kuondoka.

Alhamisi nimesahihisha kazi yake.
Maswali sita, kapata mawili.
Lakini kila nilipokuwa nimemwandikia *kopa*
amepiga mstari, na juu yake, kwa herufi za kukandamiza,
*fungua*.