Niliandika Mia

Kitabu kilisema mia. Ukurasa wa arobaini na mbili,
chini ya mchoro wa birika linalotabasamu:
maji huchemka kwa nyuzi mia.
Kilikuwa na muhuri wa wizara na jalada gumu,
na mimi nani? Abdón Colque, mtoto wa mchimba bati,
miaka kumi na mmoja, soksi moja imetoboka.

Mwalimu Hilaria alileta jiko la nyumbani kwake,
sufuria iliyobonyea, na vipimajoto vitatu
amevifunga kwenye skafu kama mayai.
"Kabla sijawasha, kila mtu aandike anachodhani.
Kwa wino. Na hakuna kufuta."
Nje, Llallagua ilikuwa na Juni yake,
hewa nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Maji yakanong'ona, kisha yakatokota yote.
Niliinama. Uzi mwekundu ukapanda, ukapanda,
ukafika themanini na saba, ukakaa
kama punda aliyelikataa daraja.
Nikangoja. Nikasema moyoni: panda, basi.
Haukupanda.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikaandika mia.

Nayda aliandika alichokiona, akainua mkono:
"Mwalimu, kipimajoto kimekufa."
Limber akasema ubaya uko kwenye sufuria.
Mwingine akayalaumu maji ya bomba, yana kutu.
Mwalimu hakusema ndiyo, hakusema la.
"Mtajuaje?"
Swali lile lilituudhi kama ganda la hindi kwenye jino.

Basi tukabadilisha. Kimoja kimoja, alisisitiza,
mkibadili vyote kwa pamoja hamtamjua mchawi.
Kipimajoto cha pili: themanini na saba.
Cha tatu: themanini na saba na kijisehemu
tulichokigombania hadi kengele.
Sufuria ya mama yake Limber, inanuka kitunguu.
Maji ya dukani, tuliyoyachangia senti.
Ubao ukajaa namba ile ile
mpaka ikawa kama jina la mtu tunayemfahamu.

Akapita akisoma madaftari. Akafika kwangu.
Mia yangu ilikaa pale, nono,
sifuri zake mbili zikinitolea macho.
"Uliiona?"
"Kitabu, Mwalimu..."
"Kitabu sijakiuliza."

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa ananawa,
maji yanageuka kijivu kwenye beseni.
"Msimamizi husema mwamba wa juu uko salama," akasema.
"Ana karatasi, ana muhuri.
Mimi hugonga kwa nyundo kwanza.
Mwamba mzima hulia kama kengele.
Ulioachana huitika kama boga."
Kisha akala maharage yake, magumu kidogo,
yalivyo maharage yetu siku zote, hata yakikesha motoni.
Nikaacha kutafuna.

Wiki ile mjomba wake Nayda alishuka na lori
akiwa na kipimajoto kimoja kwenye skafu ile ile.
Cochabamba, akapiga simu: tisini na moja na nusu.
Akashuka tena, kwenye joto na migomba,
akachemsha maji kando ya barabara, watu wakimshangaa:
tisini na tisa. Na maharage, akasema, huku yanaiva upesi ajabu!

Hatukupewa jibu. Tulilivuta kwa rula,
nukta tatu na mstari uliopinda kidogo,
Limber akiendelea kubisha kuwa mjomba hajui kusoma namba.
Huenda. Mwalimu alisema huenda, na akaiandika ubaoni.
Lisemwalo lipo; kama halipo, tutapima.

Kitabu hakikudanganya, nadhani.
Kiliandikwa na mtu aliyeketi karibu na bahari
akasahau kusema ameketi wapi.
Nasi bahari hatuna.

Nikaipiga mia yangu mstari mmoja, mmoja tu,
ili kosa lisomeke.
Pembeni nikaandika themanini na saba, tarehe, saa,
na maneno haya: nimeona mimi, A. Colque,
nimesimama juu ya stuli, dirisha halifungi vizuri.