Sahani ya Saba

Asubuhi ya Newala, ukungu huingia hadi maabara,
hukaa juu ya lenzi ya darubini kama mgeni asiyebisha hodi.
Naufuta kwa ncha ya kanga,
kisha natoa sahani saba kwenye kabati la joto.
Umeme ulikatika saa nane usiku.
Mlinzi Chitopela aliwasha jenereta bila kuambiwa.

Damu iliyomo ni ya kondoo anayefungwa nyuma ya jiko la wodi,
yule mwenye sikio lililochanika.
Nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikamtoboa.

Makoo saba ya darasa la tatu, Mkunya.
Wadudu wamekula usiku kucha,
na kila walipokula wekundu umefutika,
pamebaki uwazi
unaoweza kusomea gazeti.

Chini ya darubini wote sawa:
shanga za zambarau zilizotungwa
kwenye uzi usioonekana.
Chuoni nilifundishwa kuwaita jina moja.
Mwaka jana tukapeleka sampuli Dar, boksi la barafu
limefungwa kwa kamba ya katani,
majibu yakarudi korosho zimeshauzwa:
makoo tisa, koo sita.
Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka.
Kila ukoo una koti lake.
Mwili ukishalijua koti la huyu,
anaingia binamu yake kwa mlango uleule,
kavaa jingine.

Sahani ya saba ni ya Somoe Nampoto, miaka minane.
Penisilini ilimvimbisha midomo akiwa mchanga;
cheti chake kimepigwa mstari mwekundu mara mbili.
Kwa hiyo daktari anasubiri visahani viwili vya karatasi
nilivyovipandikiza jirani, kidole kimoja kati yao.

Cha erithromaisini: wadudu wameota hadi kizingitini.
Cha klindamaisini: kimezungukwa na duara safi,
na nusura niandike *inafaa*, nikanywe chai.

Lakini upande unaomtazama jirani
duara limebonyea,
limenyooka wima
kama herufi D ya mtoto anayejifunza kuandika.

Nikasogeza sahani dirishani. D.
Nikaigeuza. D iliyolala chali, lakini D.

Wameonja dawa ya kwanza
wakajua namna ya kuikataa ya pili.

Mwenye mikorosho ataniambia analijua hili:
alipuliza salfa mistari miwili, mfuko ukamwishia,
ubwiriunga ukarudi na kaka zake.
Kweli.
Ila ubwiri hurudi kwa kuwa uliachwa.
Hawa wanarudi kwa kuwa walifundishwa.

Mama yake alisema mlangoni, bila haya, kwa nini aone haya:
"Nilimnunulia rangi mbili, dukani pale kwa Hausi.
Alimeza nne, homa ikashuka,
zilizobaki nikamwekea mdogo wake."
Niliandika. Sikuinua uso.
Nyumbani, kwenye droo ya vijiko,
chini ya kiberiti na risiti za maji,
nina karatasi ya fedha yenye matundu sita yaliyotobolewa
na vidonge vinne vizima.
Vya Hamduni wangu, mwezi wa tatu.
Nilimpa hadi alipocheka.

Nampigia Daktari Mandandi.
"Hiyo usimpe. Na ile nyingine usiiamini."
"Sasa tumpe nini?"
Simu inavuma. Nasikia akifungua kitabu,
kurasa nyingi, moja moja.

Nje kwenye benchi mama amefunua chupa ya uji.
Somoe anatazama kikombe kwa muda mrefu,
anakunja ngumi zote mbili,
anafumba macho,
anameza.