Sentimita Mia na Ishirini

Jumamosi usiku, Tbilisi, ghorofa ya tano.
Meza ya jikoni nimeifuta mara mbili,
nikaweka karatasi, kalamu, na kopo la sarafu
tulizodunduliza tangu theluji ya Februari.
Kesho tunapanda mlimani, kwenye bustani ya bembea.

Saa mbili asubuhi, basi. Saa tatu kasorobo,
treni ya kamba, ile inayoparamia mlima
kama mdudu ukutani.
Tiketi za watu watano.
Naandika: maandazi ya krimu, manane.
Nakata. Naandika: sita.
Tamta ananipokonya kalamu, anaandika: kumi,
anapiga mstari chini yake. Hoja imefungwa.

Nutsa, binti wa miaka kumi na minne,
anataka kila kinachozunguka na kila kinachopiga kelele,
mradi asikae kiti kimoja na sisi.
"Mtanijua," asema, "nikija kuomba pesa."

Mama mkwe wangu, Lamara,
miaka ishirini na miwili alikata tiketi kituo cha chini,
akawapandisha watu wa mji mzima,
wenye maputo na wenye mimba,
wala hajakanyaga lile gurudumu kubwa
lililosimama ukingoni mwa genge.
"Goti," asema, akilipapasa la kushoto.
Mwaka jana lilikuwa la kulia.

Sasa limebaki moja, kubwa kuliko yote:
ile treni inayopinda, inayopinduka.
Mlangoni pake kuna dubu wa mbao, mkono kaunyosha.
Asiyefika mkono wa dubu, haingii.
Sentimita mia na ishirini.
Na Tornike wangu, miaka saba, majira yote ya baridi
kamwambia Levaniko wa ghorofa ya pili
kwamba ataipanda mikono juu, macho wazi,
tena mara tatu.

Nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango
penye mistari ya penseli ya kila siku ya kuzaliwa.
Nikamtwika kitabu cha mapishi kichwani.
Mia na kumi na nane.
Nikaichukia namba ile kama deni.
Nikawaza soksi jozi mbili, kadibodi ndani ya viatu,
kofia nene ya babu yake;
baba mzima, napanga kumhonga dubu.
"Hebu tena," nikasema. "Simama kama askari."
Mia na kumi na saba.

Mtoto gani hupungua akipimwa?

Nikatazama chini.
Ndani ya suruali ya kulalia, yenye roketi zilizofifia,
magoti yake yalikuwa yamekunjika
kidogo tu, yakitetemeka kwa kazi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
mwanangu alikuwa anainama kimya kimya,
macho kayakaza kwenye jokofu,
midomo imebana.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi,
ya baba yangu, ya baba yake,
yote yakianza na "mwanamume".
Nikayameza na chai iliyopoa.
Nikachora mstari pale pale kitabu kilipokaa.
"Bado," nikatamka kwa sauti ya karani.
"Dubu hatakubali. Labda mwakani."

Akashusha pumzi, na kwa kushusha pumzi akapanda,
akaupita mstari wangu kwa vidole viwili vinene.
Sikuona.
Tamta naye hakuona; alikuwa anaosha vikombe
ambavyo alikwisha kuviosha.

"Basi nitakaa na bibi," akasema Tornike,
akiigiza huzuni, vibaya.
"Goti lake litataka mtu."
Lamara akamsogezea kiti
bila kuuliza goti lipi.

Nikarudi kwenye karatasi. Treni, nikaikata.
Nikaandika: benchi moja, watu wawili,
maandazi manne yao.
Redio imesema huenda kukanyesha: miavuli.

"Andika na benchi lenyewe," akasema Lamara,
"lile la nyuma ya kibanda cha aiskrimu.
Ukikaa pale, gurudumu halionekani."

Nikaandika.