Robo

Daktari wa Chake aliandika nusu.
Nusu, usiku, wiki mbili, basi.
Karatasi ninayo, nimeibandika
nyuma ya mlango wa kabati. Wino umefifia,
lakini ile "basi" inasomeka.

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Kombo aanguke mkarafuuni
na mama hafumbi jicho.
Jirani akivunja kijiti cha kuni
yeye huinuka mbio, kanga kaitandaza mikononi,
kumdaka.

Nusu ile ilimlaza. Tusiseme uongo.
Alilala mate yakimtoka kama mtoto,
nami nikamshukuru Mungu, na kiwanda, na daktari.
Tukashukuru hata tukaacha kuhesabu.

Nusu ikawa kimoja.
Kimoja kikawa kimoja na cha akiba.
Msimu ukapita, karafuu zikaanikwa zikauzwa,
na Wete kuna duka lisilouliza cheti,
linauliza tu, "Pakti ngapi, bibi?"

Bi Mize binti Faki,
ambaye kofia zake zilivaliwa Idi mpaka Maskati,
tundu kwa tundu, sindano ikipita kama maji:
siku hiyo nikaiona kofia mapajani haina tundu.
Ameshona juu ya kushona, uzi mweupe juu ya mweupe.
"Imekwisha hiyo," akasema, "kaiuze."

Chungu kiliungua, kikaungua tena.
Alasiri moja alipotelewa na rakaa,
akakaa juu ya msala akalia,
si kwa huzuni;
huzuni yenyewe aliitafuta hakuiona.
"Time," akaniambia, "mwanangu nimemsahau sura."

Basi mimi, kwa hasira na mapenzi, nikavitupa.
Vyote, chooni, na ndoo ya maji juu yake.
Siku ya kwanza alitetemeka.
Ya pili akaona sisimizi ukutani, na ukuta mtupu.
Ya tatu akakauka kama ubao, ulimi baina ya meno,
na gari ya mchanga ndiyo iliyotufikisha hospitali.

Nesi Asya hakunigombeza.
Aliushika mkono wangu, ule uliotupa, akauliza:
"Ukiwa juu ya mkarafuu, ukitaka kushuka, waruka?"
Kisha akaikumbuka habari yetu, akaziba mdomo.
Neno limeshatoka.
Mama ndiye aliyejibu, sauti ya kisimani:
"Hushukwa tawi kwa tawi."

Huu mwezi wa saba tunashuka.
Wembe, kisahani, taa.
Daktari anaandika, mimi nakata:
kimoja kasorobo, kisha nusu, sasa robo,
ndogo kuliko kichwa cha karafuu.
Ufunguo nauvaa shingoni,
na kila tukipunguza mama ananichukia siku tatu,
hanipokei salamu, chai yangu haitii sukari.

Usiku analia. Kilio kimerudi na sura:
jana alinieleza pengo la Kombo, jino la kushoto,
na mluzi aliokuwa akiupitisha hapo
akirudi shamba.

Kofia mpya imefika tundu la kumi na nne.
Mawili yamepinda.
Aliinua dirishani, akaweka jicho,
akakaa hivyo kitambo.
Nikamwambia, hayo mawili yaache, mama, yanapendeza.
Akayafumua.