Stabilaiza ya Mbele

Gari ni letu wote wawili, wosia ulisema hivyo:
Datsun ya milango miwili, rangi ya kiini cha yai,
namba bado zile za zamani.
Marehemu alilioosha kila Ijumaa
kabla hajajiosha mwenyewe.

Kila kona lilikuwa linagonga. Ko. Ko.
"Barabara hizi," baba alisema,
na sisi, watoto wawili tuliobanana kiti kimoja,
tukazilaani barabara za Temeke miaka ishirini.

Leo nimelala chini ya pua yake,
mgongo juu ya boksi la friji,
kutu ya Chang'ombe ikinidondokea kopeni,
na ninaona kwa macho yangu:
chuma hiki alichokinunua Gerezani,
kinene kuliko cha kiwandani, akajisifu mtaa mzima,
alikifunga juu chini.
Kimeikwaruza chesisi hadi ikang'aa kama pete.
Hazikuwa barabara, baba.

Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.
Kicheko cha namna hii kinataka mwenzake.

Halafu, chuma chenyewe hakifungwi na mtu mmoja.
Ukiinua kushoto, kulia kinaning'inia;
ukidaka kulia, kushoto kinakupiga kidevu.
Nilijaribu kwa goti, kwa kamba ya katani, kwa matusi.
Saa nane mchana nikafuta grisi kwenye simu
nikampigia Chande, ambaye hatujasemeshana
tangu arobaini, kwa sababu ya kiwanja cha Mbagala
na maneno aliyoyasema mkewe,
au niliyoyasema mimi.
"Njoo na spana ya kumi na saba."
Hakuuliza kitu. Nikasikia sanduku la vifaa
likiburutwa sakafuni.

Alikuja na mbili, na kipande cha sabuni ya mche,
maana bushi mpya, alisema, haziingii kwa nguvu,
zinaingia kwa povu.
Akavua shati la kazini, akalitundika kwenye kioo cha pembeni,
akalala kulia, mimi kushoto,
miguu yetu nje kama watu waliogongwa.
Mama Sikudhani wa jirani akapita: "Wazima humo?"
"Wazima," tukajibu kwa pamoja.

Inua.
Nimeinua.
Kidogo tena. Hapo, hapo, usipumue.
Nati ikauma uzi wake wa kwanza.

"Usikaze," akasema. "Bado."
Nilikuwa nakaza, ndiyo kawaida yangu.
"Likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia,
mpira unajifunza uongo.
Lishushe. Libebe uzito wake.
Ndipo ukaze."

Sikumjibu. Nilikuwa nakiwaza kile kikao,
maturubai hayajafunguliwa, masufuria hayajarudishwa,
na jinsi tulivyokaza kila neno
gari likiwa hewani.

Tukashusha jeki. Datsun ikakaa, ikashusha pumzi.
Tukajipenyeza tena, matumbo yakigusa injini
(hatuna tena miili ya kiti kimoja),
tukakaza, yeye kwake, mimi kwangu,
zamu kwa zamu, mpaka spana ikagoma.

Jioni akaendesha yeye.
Kipilefti cha kwanza tukakiingia kwa kasi
ambayo baba angeikemea, au angeipenda.
Pua haikulala. Gurudumu moja likipanda,
la pili linapata habari.
Na kimya.
Tukazunguka mara ya pili. Mara ya tatu
trafiki akatukodolea, akashusha filimbi yake.
Nilitega sikio kama mtu aliyesahau kitu chumbani.

Ya kiwanja hatukuyagusa.
Ila kona ya mwisho, ile ya dukani kwa Mpemba,
Chande akagonga dashibodi kwa kifundo cha kidole,
mara mbili,
na mimi nikasema, "Barabara hizi."